Mwongozo kamili wa udadisi: jinsi ya kuuliza "kwanini" ikakusaidia kazini na nyumbani bila kuitwa mmbea

Naanza na umeme maana ndo ulionifundisha. Mchana mi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni na wikiendi nauza barafu za ukwaju na ubuyu nyumbani, nina friza moja ile ya kufungulia juu. Kipindi hicho LUKU ya elfu kumi ilikuwa inanipa uniti 28 na kitu na zinakaa siku tisa. Mara zikaanza kukaa siku sita. Hamna kilichoongezeka ndani, sijanunua pasi mpya wala nini, ila kila nikigeuka mita inalia.

Unajua nilifanya nini? Nilimnunia mpangaji wa chumba cha nyuma wiki nzima. Maana mita tunashea, na yeye ana redio kubwa, na kwenye akili yangu kesi ilikuwa imeshaisha, nabakia tu kutafuta siku ya kumvaa. Bahati nzuri kabla sijamvaa nikapata wazo la kupima, na majibu yakanifanya nione aibu mwenyewe (redio yake ilikuwa haifanyi lolote la maana, nitaeleza chini). Tangu hapo nimeanza kuchukulia udadisi kama kazi yenye utaratibu wake, kama vile kukanda chapati, ukiruka hatua unaona kwenye matokeo. Watu wengi wanadhani mdadisi ni mtu aliyezaliwa hivyo, mtu wa maswali mengi. Hapana bwana. Mi mtoto nilikuwa mpole kweli, shuleni sikunyoosha mkono hata mara moja.

Kabla hujaanza: sio kila swali ni udadisi

Sisi tumekuzwa na maneno "acha maswali mengi", "una kiherehere", "we mtoto mbona mdadisi hivyo", na hilo la mwisho lilikuwa linasemwa kama tusi. Kwa hiyo mtu mzima ukianza kuuliza uliza unajisikia kama unafanya kosa. Ila wazee hawakuwa wamekosea kabisa, maana kuna maswali ya udadisi na kuna maswali ya umbea na yanafanana sura.

Kipimo changu ni hiki, jibu nikilipata nitafanya nini nalo? Nikijua friza inakula uniti ngapi kuna kitu nitabadilisha. Nikijua dada wa jirani anaolewa lini au kwanini hajapata mtoto, nitabadilisha nini mimi? Sibadilishi kitu, nitaenda tu kuwaambia wengine. Huo ni umbea hata ukiuvalisha kanga ya "nilikuwa naulizia tu".

Na kuna ndugu yao wa tatu, kushuku. Hiki ndo kilichonikuta mimi. Mtu anayeshuku ana jibu tayari, anachotafuta ni ushahidi wa kumfunga mwenzie. Ukiona umeanza kusema "lazima tu atakuwa fulani", ujue hapo umeshaacha kuuliza. Rudi nyuma.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, kiandike

Kimoja tu. Usianze na "nataka kujua maisha yanaendaje" au "kwanini biashara ngumu". Chukua kitu kidogo kinachokukera au kisichoeleweka, kinachojirudia, kilicho karibu yako. Mkaa unaisha haraka siku hizi. Kila jumatatu nachelewa kazini ila jumanne sichelewi. Kuna mteja alikuwa anakuja kila siku, amepotea. Unga wa chapati dukani kwa fulani unakaza, kwa fulani unalainika.

Afu andika. Daftari la mia tano linatosha, au ujitumie meseji mwenyewe kwenye WhatsApp, kila mtu ana namna yake. Kuandika kuna maana yake, swali likikaa kichwani linageuka kuwa lawama, likikaa kwenye karatasi linabaki swali. Andika na tarehe. Mi ukurasa wangu wa kwanza uliandikwa "kwanini umeme siku 6 badala ya 9" basi, na chini yake namba za mita.

Kama unaona huna swali lolote, yaani kila kitu unakiona cha kawaida tu, hapo shida inaweza kuwa hujui vya kutosha kuhusu hicho kitu. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa George Loewenstein, mwaka 1994 aliandika kwamba hamu ya kujua inakuja pale mtu anapoona pengo kati ya anachojua na anachotaka kujua. Maana yake asiyejua kitu kabisa haoni pengo, anaona giza tupu na giza halina swali. Nikakumbuka mpira, mtu asiyejua offside hawezi kujiuliza kwanini refa amekataa goli, anaona tu watu wanafoka. Kwa hiyo soma kidogo kwanza, angalia video moja, mkalie fundi nusu saa, maswali yatakuja yenyewe.

Hatua ya 2: Pima kwanza, mdomo baadae

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye hela, kwa hiyo ntakaa hapa muda mrefu.

Usiku saa nne nilizima kila kitu nikabakiza friza tu. Nikamwomba mpangaji (nilikuwa bado nimemnunia lakini nikamwomba) naye azime vyake mpaka asubuhi. Nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita. Saa kumi na mbili asubuhi nikaandika tena. Masaa nane, zimeenda uniti 1.2.

Sasa hesabu yake. Uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Uniti 1.2 kugawa kwa masaa 8 ni 0.15, yaani wati 150 bila kupumzika usiku mzima. Friza kama yangu kompresa yake inakula karibu hizohizo wati 150 ikiwa inafanya kazi, ila friza nzima inatakiwa iwake, ipoze, izime, ipumzike, iwake tena. Yangu ilikuwa hailali. Kwa siku nzima ni uniti 3.6 friza peke yake, ukiongeza taa, tivii, simu na hiyo redio ya mpangaji kama uniti moja hivi, jumla 4.6. Gawa 28 kwa 4.6, unapata siku sita. Jamani! Mwizi alikuwa jikoni kwangu na mimi ndo namjaza maji kila jioni.

Kuna na njia ya haraka kama huwezi kusubiri usiku kucha. Mita nyingi zina kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na pembeni au chini yake imeandikwa mfano 1000 imp/kWh. Hiyo inamaanisha kakipepesa mara 1000 uniti moja imeliwa. Zima kila kitu, acha kimoja unachokichunguza, hesabu kamepepesa mara ngapi kwa dakika kumi, zidisha kwa sita upate ya saa nzima. Kwa mita ya 1000, hizo mara za saa nzima ndo wati zenyewe. Yangu ilipepesa mara 25 kwa dakika kumi, mara sita ni 150, sawasawa na ya usiku. Kama mita yako imeandikwa 1600 usichukue hesabu hii kama ilivyo, hizo mara za saa gawa kwa 1.6. Na tafadhali ni kuangalia kwa macho tu, usiifungue mita wala usiguse waya wowote, hiyo ni kesi ya kisheria na inaua.

Watoto wa jirani walikusanyika kunitazama nahesabu taa ukutani, nikawa kituko cha mtaa siku hiyo, sio mbaya.

Utaratibu huu unaenda kwa kila kitu, sio umeme peke yake. Mkaa: pima kwa kopo lilelile kila siku, andika umepika nini. Hela inapotea: wiki moja andika kila kitu mpaka ile mia mbili ya karanga. Kuchelewa kazini: andika saa uliyotoka mlangoni na saa uliyopanda daladala, vitu viwili tofauti, utashangaa kwamba foleni unayoilaumu inakula dakika chache kuliko kituo unachosubiria.

Hatua ya 3: Kwanini, mara tano

Hii wameitangaza Toyota, walewale wa magari tunayopanda. Wazo linahesabiwa ni la Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wao Kiichiro, na injinia wao Taiichi Ohno akalifanya kuwa utaratibu wa kiwandani: mashine ikisimama usibadilishe fyuzi ukaondoka, uliza kwanini mpaka ufike kwenye mzizi. Tano sio lazima, inaweza kuwa tatu au saba, ila ya kwanza karibu kila siku inakudanganya.

Yangu ilienda hivi. Kwanini umeme unaisha? Friza haipumziki. Kwanini haipumziki? Haifikii baridi yake. Kwanini haifikii? Nikafanya mtihani wa noti, unaweka noti kwenye ukingo, unafunga mfuniko, unaivuta. Ikikaza mpira uko sawa, ikiteleza kama imepakwa mafuta basi hewa inapita hapo. Upande wa kushoto noti ilitoka bila ubishi. Kwanini upande huo? Mpira umejikunja. Kwanini umejikunja? Na hapa ndo nikakaa chini nikacheka, kwa sababu kila ijumaa nilikuwa najaza oda yote ya jumamosi kwa mpigo, vifuko vinafika juu, mfuniko haushuki, naweka ndoo ya maji juu yake ili ushuke!

Angalia kama ningesimamia kwenye kwanini ya pili. Ningeita fundi aongeze gesi, hela imetoka na friza bado inavuja hewa. Ningesimamia ya nne ningenunua mpira mpya na baada ya miezi mitatu nao umejikunja. Dawa ilikuwa kugandisha nusu alhamisi nusu ijumaa, ndoo ikarudi bafuni, na mpira nikaukanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukalainika nikaurudisha kwenye umbo lake. Nikasogeza na friza kutoka ukutani maana ule mgongo wake unatoa joto na ulikuwa hauna pa kupumulia. Nikapima tena usiku, masaa nane uniti 0.7. Siku tisa zikarudi.

Mpangaji nilimpelekea barafu kumi za ukwaju. Hakujua ni za nini na mpaka leo hajui.

Hatua ya 4: Kuuliza watu, na hapa lugha ndo kila kitu

Kwa Kiswahili chetu neno "kwanini" usoni kwa mtu linasikika kama polisi. "Kwanini umeweka hivi?" mtu anasikia "umekosea, jitetee". Atakachokupa ni utetezi, na wewe ulikuwa unataka maelezo. Kwa hiyo kwanini baki nayo kwenye daftari, mdomoni tumia nyingine. "Hii huwa inakuwaje?" "Ilianzaje mpaka mkawa mnafanya hivi?" "Hebu nielekeze hapo sijaelewa." "Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?" Hilo la mwisho ni dhahabu kwa mafundi, mtu anaacha spana anakufundisha.

Kwa mtu mzima, salamu kwanza, shikamoo itoke na iitikiwe, habari za nyumbani, ndo swali lifuate, na ulianze na samahani. Usimuulize fundi maswali wakati mnapatana bei, atadhani unatafuta sababu ya kupunguza. Muulize akiwa katikati ya kazi ameshatulia, au mwisho, na soda ya baridi inasaidia sana tu. Na mbele za watu usimuulize mkubwa wako swali ambalo huenda hana jibu lake, mtafute pembeni. Sio woga, ni kumpa nafasi ya kusema "hata mi sijui, hebu tuangalie" bila kuvunjika heshima.

Ila kuna siku utauliza vizuri kabisa na bado watacheka. Hapo nakuletea habari ya Mtanzania mwenzetu, na mimi kama muuza barafu huyu namwona kama babu wa kazi.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, Mpemba akaona akisubiri ataikosa, akaingiza yake ya moto hivohivo. Baada ya kama saa moja na nusu yake imeganda, ya mwenzie aliyeweka ya baridi bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Baadae akakuta rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini naye anaweka ya moto ili igande haraka, yaani wauzaji walikuwa wanajua siku nyingi tu! Akafika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akazidi kuuliza, mwalimu wa huko naye akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, mpaka ikawa utani wa darasa zima kila akikosea kitu.

Siku moja akaja hapo Mkwawa mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza palepale: vyombo viwili vinafanana, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, ukiviweka kwenye friza kile cha 100 kinatangulia kuganda, kwanini? Wenzie wakacheka, wengine wakamwambia umetuaibisha. Osborne naye alidhani kijana kakosea, lakini hakumkatalia, alisema nikirudi nitajaribu. Akamwachia fundi wa maabara ajaribu, fundi akarudi na majibu kwamba ya moto kweli imetangulia, ila akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Hapo kwa fundi huwa nacheka kila nikifikiria, maana huyo ni sisi wote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja kwenye jarida la fizikia, na mpaka leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Ninachokichukua pale sio "usikate tamaa" na nini. Nachukua vitu viwili vya kufanya. Kwanza, swali lake lilikuwa na namba ndani, 35 na 100, vyombo sawa, maji sawa, ni swali ambalo mtu akienda nalo nyumbani anaweza kulijaribu. Swali la namna hiyo ni gumu kulicheka likaisha. Pili, alibadilisha mtu wa kuuliza. Mwalimu, muuza aiskrimu, dokta wa chuo kikuu. Ukikwama kwa mmoja, nenda kwa anayeifanya hiyo kitu kila siku kwa mikono, maana mara nyingi jibu liko kwa muuzaji.

Hatua ya 5: Jaribu, badilisha kitu kimoja tu

Bila shaka na mi nilijaribu. Sufuria mbili zinazofanana, maji vikombe vinne kila moja, moja ya bomba nyingine imetoka kuchemka, nikaziweka friza. Ya moto ikashindwa vibaya, ya baridi ilitangulia kuganda, na vifuko vya jirani na ile sufuria ya moto vikayeyuka, hasara ya barafu kama ishirini.

Hiyo haimaanishi Mpemba alidanganya. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana, mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia majaribio ya maji wakasema hawaoni ushahidi, wengine wamekuja na maelezo tofauti tofauti, mfano friji za zamani zilikuwa na tabaka la barafu chini, sufuria ya moto inaliyeyusha inakaa vizuri kwenye bati, inapata baridi zaidi. Friza yangu siku hiyo nilikuwa nimetoka kuikwangua. Sasa je, ningeacha barafu chini ingekuwaje? Umeona, jaribio limeshindwa na nimepata swali zuri kuliko la mwanzo.

Kanuni hapa ni kubadilisha kimoja. Ukibadilisha unga, mafuta na muda wa kukanda siku moja, chapati zikitoka laini hujui wa kumshukuru. Badilisha kimoja, rudia angalau mara tatu maana mara moja inaweza kuwa bahati, na kabla hujaanza andika unachodhani kitatokea. Hilo la kuandika kabla watu wanaliona la kitoto. Lifanye. Bila hivyo jibu likija utasema "nilijua tu", na ubongo wako utakuamini.

Jaribu kidogo kidogo pia, kwa gharama usiyoumia. Mi ningejaribu na vikombe badala ya sufuria nisingepoteza barafu ishirini, hilo nalo nimeliandika.

Hatua ya 6: Ipeleke kazini bila kumtisha bosi

Dukani kwetu wateja walikuwa wanaingia, wanauliza kitu, wanatoka. Kila mtu alikuwa na maelezo, hali ngumu, ushindani, mwezi katikati. Nikaanzisha daftari nikaliita Daftari la Hakuna. Kila mteja akiuliza kitu akakosa au akaondoka bila kununua naandika alichotaka na maneno yake mwenyewe, mstari mmoja. Wiki mbili nikapata mistari 61.

Nilidhani ningekuta vitu ambavyo hatuna. Vingi tulikuwa navyo! Mistari 19 ilikuwa watu wanataka kiasi kidogo, misumari nusu kilo au robo, waya mita mbili, na sisi tulikuwa tunaanzia kilo na roli. Mtu anarekebisha mlango wa choo, kilo ya misumari ya nini. Nyingine saba walitaka tepu ya bomba, ipo lakini iko ndani kabisa na kijana wa kaunta alikuwa haijui kwa jina wanalolitumia wateja.

Kwa mzee mwenye duka sikwenda kumwambia "tunakosea". Nilimpelekea daftari jioni akiwa anafunga hesabu, nikamwambia mzee hebu angalia hii, mi sijaelewa inamaanisha nini. Akasoma mwenyewe, akahesabu mwenyewe kwa kidole, akasema "hawa wa nusu kilo mbona wengi". Kesho yake tukaanza kupima misumari kwenye vifuko vya nusu. Wazo lilikuwa lake, na hivyo ndivyo nilivyotaka, maana wazo la bosi linatekelezwa kesho na la mtunza stoo linasubiri kikao.

Huna duka? Muuguzi anaweza kuandika maswali ambayo wagonjwa wanayarudia, konda aandike vituo ambavyo watu wanashuka kwa kulalamika, mwalimu aandike swali ambalo darasa zima limekosa. Wiki mbili zinatosha, zaidi ya hapo daftari linachosha na unaliacha.

Hatua ya 7: Watoto

Fupi tu hii. Mtoto akiuliza na umechoka, usimwambie acha maswali. Mwambie "we unadhanije?" afu msikilize. Inakupa dakika mbili za kupumzika na yeye anafanya kazi yote.

Wakati wa kuacha

Udadisi una mlango wa nyuma na matapeli wanaufahamu kuliko sisi. Ile meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii", linki ya "angalia nani ametembelea profaili yako", simu ya "umeshinda bonyeza moja", zote zinafanya kazi kwa kukuachia pengo dogo ili ukimbilie kuliziba. Ukisikia kichwa kinawasha ghafla na kuna mtu anakuharakisha, weka simu chini, kunywa maji, uliza mtu mwingine.

Vitu vya umeme wa ndani, gesi ya friza, dawa za hospitali, hapo udadisi wako uishie kuuliza mwenye ujuzi, usijaribu mwenyewe. Kwa mengine jiwekee mwisho. Mi swali ninalipa wiki mbili au hela ya juisi tano, likifika hapo bila jibu nalipigia mstari naandika "bado", naendelea na maisha. Kuna ukurasa mzima wa bado kwenye daftari langu, ikiwemo kwanini paka wa jirani analala juu ya mita.

Swali la sasa hivi ni la ukwaju. Barafu za ukwaju zinaganda kwa kuchelewa kuliko maji matupu, hiyo nimepima, na sukari inahusika maana maji yenye sukari yanataka baridi kali zaidi ili yagande. Ila ubuyu nao nauwekea sukari na unawahi. Kwa hiyo jumamosi naweka vifuko tisa, vitatu ukwaju na sukari, vitatu ukwaju bila sukari, vitatu maji na sukari kipimo kilekile, wote tabaka moja la friza. Nimeandika dau langu kwamba ukwaju bila sukari utawahi ule wenye sukari. Kijana wa kaunta anasema hapana vitakuwa sawa, na tumewekeana soda.